Kaboni ya filta imekaa miezi 6, naweza kuichemsha niitumie tena?

SWALI: Habari mtaalamu. Nina tangi la lita 100 hapa Dar, goldifishi watatu. Kaboni ya kwenye filta (zile punje nyeusi za kuchuja maji) sijaigusa tangu ninunue, kama miezi 6 sasa. Maji yamekuwa ya njano na yana kaharufu. Jirani kaniambia niichemshe nianike juani, au niweke tu mkaa wa kupikia. Halafu samaki mmoja ana vidoa vyeupe, nimeweka dawa siku ya nne hii sioni mabadiliko. Nifanyeje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Naanza na mgonjwa maana yeye hawezi kusubiri. Toa hiyo kaboni leo leo, kwa sababu kaboni hainyonyi uchafu tu, inanyonya na dawa, na hata kama imechoka usibahatishe. Halafu fuata dozi ya kwenye lebo mpaka mwisho, hata vidoa vikipotea katikati usiache, kwa sababu yule mdudu anayeleta vidoa akiwa bado kwenye ngozi ya samaki dawa haimfikii, inampata akishatoka anaogelea majini. Ongeza na hewa.

Sasa kuchemsha. Hapana, haisaidii. Kaboni ina vitundu vidogo mno, gramu 1 ukiikunjua ingetandaza zaidi ya mita za mraba 500, na huo uchafu unaganda humo ndani kabisa. Kiwandani kuisafisha wanaichoma kwenye joto la nyuzi 800 hivi bila kuiachia hewa iungue, sasa sufuria yako inaishia 100 na jua la Dar ndo kabisaa. Mkaa wa kupikia nao sio kaboni ya filta, haujafunguliwa vile vitundu, unatoa majivu yanayovuruga maji, tafadhali usiuweke. Kaboni nzuri nyingi hutengenezwa na vifuu vya nazi, ila vimepitia moto na mvuke wa kiwandani, sio jiko la nyumbani.

Dawa ikiisha badilisha robo ya maji, weka kaboni MPYA kama kikombe kimoja cha chai, kwenye mfuko wa wavu, ioshe kwanza mpaka vumbi jeusi liishe, na ikae baada ya sponji sio kabla, la sivyo kinyesi kinaiziba. Wiki 3 hadi 4 inakuwa imejaa. Kupima ni rahisi, chota maji ya tangi kwenye kikombe cheupe uweke pembeni ya maji safi, ukiona unjano umerudi badilisha.

Lakini naomba hili ulishike, kaboni haiondoi amonia, yaani sumu inayotokana na taka za samaki, na amonia ndio inayoua goldifishi kwenye tangi dogo. Kazi hiyo inafanywa na bakteria wanaoishi kwenye sponji. Watu wengi siku ya kubadilisha kaboni wanafungua filta nzima wanasugua kila kitu kwa maji ya bomba, klorini ya humo inaua bakteria wengi, wiki hiyo hiyo samaki wanaweza kufa halafu lawama inaenda kwa kaboni. Sponji iminye tu ndani ya ndoo yenye maji uliyotoa kwenye tangi, na usiiguse siku moja na kaboni. Ikianza kuchanika nunua mpya, ila ziache zote mbili zikae pamoja wiki 4 ndio utoe ya zamani.