Boljointi za chini zimekufa mara mbili ndani ya mwaka, sasa nifunge zipi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina pikapu ya 4x4, mbele ina springi na mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu, wa juu na wa chini. Nimeinyanyua inchi 2. Boljointi za chini, vile viungo vya gololi vinavyounganisha mkono na gurudumu, nimebadilisha mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na sasa inagonga tena nikipita kwenye mashimo, usukani nao unayumba. Dukani nimeonyeshwa aina mbili: moja ina nipeli, kile kitundu cha kupigia grisi, nyingine imezibwa kabisa, na bei zake ziko mbali. Muuzaji anasema yenye nipeli ndiyo ngumu. Ni kweli?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Muuzaji kakupa nusu ya habari. Nipeli haikuonyeshi ugumu, inakuonyesha tu kwamba hiyo boljointi inataka kulishwa. Ukiisahau, inakufa mapema kuliko ile iliyozibwa.

Kwenye gari lako springi imekalia mkono wa chini, kwa hiyo uzito wa mbele unapita kwenye boljointi ya chini. Ya juu kazi yake ni kuongoza gurudumu tu. Fedha ikiwa haitoshi, itumie kwenye boljointi ya chini. (Yapo magari ambayo springi imekalia mkono wa juu, na hapo mambo yanageuka.) Halafu angalia ya kwako imekaaje. Kwenye baadhi ya pikapu uzito unaikandamiza gololi ya boljointi, ile yenye pini, ndani ya kikombe chake, kwenye nyingine unaivuta itoke. Hii ya kuvutwa ndiyo ninayoiogopa, maana ikilika sana pini inachomoka na gurudumu linalala chini ya bodi. Mwaka 2005 Toyota iliita zaidi ya magari 700,000 Marekani yarudi kutengenezwa, zikiwemo pikapu za Tacoma na Tundra, kwa sababu ya boljointi za chini. Tatizo lilianzia kiwandani, kwenye uso wa gololi uliokwaruzika. Mkwaruzo ule unakula kikombe polepole mpaka inapatikana nafasi ya kucheza. Kwa hiyo hata spea ya kampuni kubwa haikuondolei kazi ya kukagua.

Boksi lisikudanganye, nembo zenye jina ndizo zinazoghushiwa. Itoe uishike. Shika pini uizungushe kwa vidole: mpya inakaza, lakini inazunguka kwa ulaini mmoja, bila kukwama mahali. Ikianguka upande kwa uzito wake yenyewe, irudishe kwenye boksi. Pitisha kidole kwenye nyuzi za pini, ziwe safi, zisikukwaruze. Namba ya spea inayoonekana kwenye chuma ilingane na ya boksi. Kisha uangalie mpira unaofunika grisi, na hapo usiwe na haraka. Ubonyeze: uwe laini na urudi, usiwe na mistari midogo ya kukauka, na ushikwe na pete juu na chini. Boljointi nyingi ninazotoa hazikuuawa na uzito. Mpira ulipasuka, maji na mchanga vikaingia, grisi ikawa msasa.

Tukirudi kwenye nipeli. Ile iliyozibwa kwa kawaida ina plastiki ngumu kati ya gololi na kikombe. Ni laini kwenye usukani na haidai chochote, ila mpira ukitoboka ndiyo basi. Yenye nipeli, nyingi ni chuma kwa chuma. Mwanzoni usukani unaweza kuwa mzito kidogo, lakini kila ukipiga grisi mpya unasukuma uchafu nje. Kama unavuka maji na matope, na una tabia ya kupiga grisi kila unapomwaga oili, chukua ya nipeli. Kama gari likishatoka gereji hulikumbuki mpaka lilie, chukua iliyozibwa, ya mtengenezaji wa gari au wa daraja hilo. Na grisi ipigwe kwa mkono, taratibu. Mpira ukianza kuvimba kidogo, acha. Bomba la grisi la upepo limeshapasua mipira mingi ya spea nzuri.

Ila kwako wewe, mara mbili ndani ya mwaka mmoja, siamini kwamba ni ubovu wa spea peke yake. Gari lililonyanyuliwa mikono yake inaning'inia, boljointi inaishi karibu na mwisho wa mzunguko wake, na mpira umevutika upande mmoja muda wote. Ya juu huumia zaidi, kwa hiyo ikaguliwe pia. Kama umeongeza na rimu zilizotokeza nje, umeipa boljointi wenzo mrefu wa kupambana nao.

Jambo la pili ni tundu ambamo pini inaingia, lile lenye umbo la tepa, yaani pana upande mmoja na jembamba upande mwingine. Pini ikiwahi kufungwa kwa nati iliyolegea, tundu linalika na kuwa yai, na kila mpya utakayofunga itacheza humo. Paka pini rangi ya kalamu ya maka, iingize, izungushe kidogo, itoe. Rangi ikifutika pande zote, tundu ni zima. Ikifutika mstari mmoja tu, badilisha chuma chenye tundu hilo, kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu), usipoteze boljointi nyingine. Nati ifungwe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Tundu la splitpini, kile kipini kinachozuia nati isilegee, lisipolingana, kaza mbele mpaka lilingane, usirudishe nyuma hata robo. Ukimaliza, gari liende alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha kwamba huko kugonga kunatoka kwenye boljointi. Mafundi wengi wanapiga jeki kwenye chesisi, wanatikisa tairi, wanasema iko sawa. Jeki ikikaa pale, springi inausukuma mkono chini na kuibana boljointi, nafasi haionekani. Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, tairi linyanyuke kidogo. Mwenzako aingize mtaimbo chini ya tairi alinyanyue na kulishusha, wewe weka kidole kwenye maungio ya boljointi. Pini ikipanda na kushuka wakati mkono umetulia, ni yenyewe. Isipocheza, hamia kwenye bushi (mipira ya maungio) za mkono na tai rodi, chuma kinachogeuza gurudumu ukizungusha usukani.