Shangazi Anajibu: Nimechoka Kueleza, Wenzangu Nitawapata Wapi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mama wa mtoto mmoja. Huu ni mwezi wa saba tangu daktari aniambie nina sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, pamoja na wahaka, yaani wasiwasi uliopita kiasi. Dawa nakunywa, na kila baada ya wiki mbili naonana na mshauri. Siwezi kusema sijapata nafuu, kwa maana usingizi umerudi na naoga bila kujilazimisha. Lakini nimechoka kueleza. Mume wangu ananipenda, ila kila nikinyamaza huniuliza, "Nini tena?" Dada yangu ananiambia nishukuru kwa nilivyo navyo, kana kwamba sishukuru. Kazini nilisema nina presha, wakanionea huruma. Ningesema ukweli sijui ingekuwaje.*

*Nilijiunga na kikundi kimoja cha kwenye simu. Usiku wa kwanza nililia kwa faraja, maana mtu aliandika kwamba husimama na mswaki mkononi dakika kumi asiweze kuupeleka mdomoni, na mimi ni hivyo hivyo. Baada ya wiki tatu nikaona nazidi kuumwa. Kila nikifungua simu ni kilio, na mmoja wao akawa anatuhimiza tuache dawa kama alivyoacha yeye. Nimejitoa. Sasa niko peke yangu tena. Watu wa hali yangu huwapata wapi, na nitajuaje kwamba hawa watanisaidia, hawatanizamisha?*

*Niliyechoka Kueleza*

Marahaba, mwanangu. Nilipofika hapo kwenye mswaki niliiweka barua yako chini kidogo. Kwangu mimi ilikuwa viatu. Mwaka ule nilipougua nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, na nikija kuzinduka saa nzima imepita. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nini, kwamba kuvaa kiatu kumenishinda?

Miezi mingi baadaye, katika chumba chenye viti saba, mzee mmoja, fundi saa, alitueleza kwamba asubuhi ile alikaa na shati mapajani tangu taarifa ya habari ya saa moja hadi ya saa mbili. Hakuna aliyeguna. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Mama aliyeketi kando yake alimuuliza swali moja tu: "Na ulipoinuka, ni nini kilichokuinua?" Mzee akafikiri, akasema paka wake alikuwa akilia njaa. Basi wiki hiyo sote tukaenda kutafuta paka wetu, yaani kitu kidogo ambacho asubuhi hakiwezi kufanyika bila sisi. Mimi nilipata mche mmoja ndani ya kopo. Niliumwagilia maji kila siku hata siku ambazo sikuweza kula.

Nakusimulia haya kwa sababu jibu la swali lako limo katika swali la yule mama. Kile kikundi chako cha simu kilikupa nusu ya kwanza, ile ya kuaminiwa bila maelezo marefu. Usiidharau nusu hiyo, ndiyo iliyokuliza kwa faraja. Lakini hakukuwa na wa kuuliza nini kilimwinua mtu. Watu wakabaki kusimuliana mwanguko baada ya mwanguko. Mwaka 2002 mtafiti wa saikolojia wa Marekani, Amanda Rose, alichapisha utafiti kuhusu marafiki wa umri wa shule ambao kazi yao ni kurudia-rudia matatizo yao pamoja, kuyachambua, kuyachimba, kisha kuyaanza upya. Aligundua kuwa urafiki wao ulikuwa wa karibu zaidi, na papo hapo dalili za huzuni na wasiwasi zilikuwa nyingi zaidi. Wewe ni mtu mzima na wale walikuwa watoto, lakini nimeliona jambo hilo hilo kwa watu wenye mvi. Ndiyo maana mtu hung'ang'ania kikundi kinachomuumiza: ukaribu ule ni wa kweli. Hukukosea kupapenda pale, na hukukosea kuondoka.

Sasa, wapi pa kuwapata. Anza na watu ambao tayari unaonana nao. Muulize mshauri wako waziwazi: "Nataka kukutana na wengine wenye sonona. Kuna kikundi unachokijua?" Wengi hawasemi mpaka waulizwe. Muulize na muuguzi wa kliniki, kwa maana yeye huwaona wagonjwa wengi na hujua nani na nani wangeweza kukaa pamoja. Katika nchi nyingi kuna vyama vya wagonjwa wenyewe na familia zao, na idara za magonjwa ya akili za hospitali kubwa mara nyingi huvijua. Na kama hakuna kabisa, watu watatu wanatosha. Kikundi chetu kilianza na wanawake wawili waliokuwa wakikutana foleni moja ya kuchukua dawa, wakaanza kusubiriana hadi mlangoni.

Si jambo geni hili. Mwaka 1937 huko Chicago, daktari wa akili Abraham Low aliwakusanya wagonjwa waliokuwa wametoka hospitali wakaanza kukutana na kufundishana namna ya kuipita siku, na baadaye wao wenyewe ndio wakawa wanaongoza mikutano. Karibu nasi zaidi, nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kumsikiliza mtu mwenye "kufungisisa", neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watu 573, na baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Linalonigusa mimi zaidi ni kinachofuata baada ya benchi. Watu hao huunganishwa na wenzao waliopitia hali ileile, wakawa wanakutana huku wakifuma mikoba. Ukiwahi kukaa na mtu mwenye wahaka utaelewa kwa nini. Macho yakiwa kwenye uzi, mdomo hufunguka. Sisi hatukuwa na uzi, lakini tulikuwa tunamenya karanga, na nakuhakikishia kwamba maneno mazito kuliko yote yalisemwa na mtu anayetazama karanga.

Ukishafika mahali, kaa mikutano mitatu kabla ya kuamua. Mmoja hautoshi, siku ya kwanza kila mtu huona aibu au hulia. Tazama kama yupo msimamizi, awe mwenye taaluma au mgonjwa mzoefu, anayejua kumkatiza kwa upole mtu aliyeongea nusu saa. Sikiliza kama siri za wasiokuwepo zinatajwa, maana za kwako nazo zitatajwa. Kikao kiwe na saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kisha jiangalie mwenyewe ukifika nyumbani. Kuchoka ni kawaida, hata kulia njiani. Ila ukiona kwa siku mbili mfululizo umekuwa mzito kuliko ulivyokwenda, na ikajirudia mara ya pili na ya tatu, ondoka kama ulivyoondoka kule, bila kuomba radhi.

Kuhusu dawa nasema kwa ukali kidogo, unisamehe. Mwenzako katika kikundi anaweza kukuambia ilivyomkausha mdomo, alivyonenepa, alivyokaa wiki nne akiona kama anameza chokaa kabla haijaanza kumsaidia. Hayo ni yake, ayaseme. Akivuka akasema "acha na wewe", amevuka mpaka. Dawa za sonona zikikatwa ghafla mtu anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za kutisha, hata hisia kama shoti ya umeme kichwani, na ugonjwa wenyewe ukarudi. Hupunguzwa polepole, na daktari akijua. Msimamizi aliyemwacha mtu yule aendelee kuwahimiza hakuwalinda.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza. Usiende kule kupokea tu. Najua unahisi huna cha kutoa, hata mimi nilihisi hivyo. Wiki ya tano msimamizi aliniomba niwe nampigia simu mzee wa paka kila Jumatano, dakika kumi, basi. Nilidhani ananionea. Lakini ile Jumatano ikawa siku ninayovaa viatu vyote viwili. Mwaka 1965 Frank Riessman, mtaalamu wa Marekani, aliandika kwamba katika vikundi vya kusaidiana anayesaidia mara nyingi hufaidika kuliko anayesaidiwa. Nilikuja kuyajua hayo baadaye sana, lakini mwili ulikuwa umeshayajua. Omba kazi ndogo: kupanga viti, kumkumbusha mtu siku ya kliniki. Ndogo kiasi kwamba ukishindwa hakuna atakayeumia.

Kwa mume wako, kikundi hakitachukua nafasi yake, lakini kitampunguzia mzigo wa kuelewa kila kitu. Mwambie hivi: "Nikinyamaza usiniulize nini tena. Kaa nami tu, au niulize kama nataka chai." Mtu anayekupenda na hajui la kufanya hushukuru akipewa la kufanya. Dada yako muache kwanza.

La mwisho kuhusu barua yako, jambo ambalo hukuliandika lakini siwezi kulipita: ikija siku mawazo ya kufa yakaanza kukaa nawe, usisubiri siku ya kikundi. Mwambie mume wako usiku huohuo kwa maneno yasiyozunguka, asikuache peke yako, akuondolee karibu chochote unachoweza kujidhuru nacho, mwende hospitali au mpige simu ya dharura. Wenzako watakuwepo ukirudi.

*Shangazi, mimi ni kijana wa kiume, miaka 26. Nina wahaka, moyo hunienda mbio na mikono hutoka jasho nikiwa mbele za watu. Nimeambiwa kikundi kitanisaidia, lakini kikundi ndicho hasa ninachokiogopa. Nimefika mlangoni mara mbili nikageuka. Nifanyeje?*

*Wa Mlangoni*

Mwanangu, mara mbili mlangoni si kushindwa. Ulivaa, ukatoka, ukafika. Tatizo ni kule kugeuka wakati hofu iko kileleni, kwa sababu mwili hujifunza kwamba kilichokuokoa ni kukimbia, na safari ijayo hukusukuma ukimbie mapema zaidi. Hofu ya ghafla ikiachwa bila kupigwa vita kwa kawaida hupanda, hufika juu kabisa ndani ya dakika chache, kisha hushuka yenyewe. Unachohitaji ni mahali pa kuingojea ishuke.

Kwa hiyo mpigie msimamizi kabla, au umwandikie ujumbe kama sauti inakukatika: "Nitakuja, nitakaa karibu na mlango, sitaongea leo, na naweza kutoka nje kidogo kisha nikarudi." Msimamizi anayeijua kazi yake atakubali mara moja, na asipokubali umeshajua kikundi hicho si chako. Nenda mapema wakiwa wawili au watatu. Kuingia chumba kitupu kinachojaa taratibu ni rahisi kuliko kuingia chumba kilichojaa kikageuza shingo zote. Ukihisi unahitaji kutoka, toka, kaa nje dakika tano, toa pumzi ndefu kuliko unayoingiza, halafu rudi. Huko kurudi ndiko kunakofundisha mwili.

Katika kikundi chetu kijana mmoja alikaa mikutano sita bila neno. Ya saba alisema jina lake na akasema karanga zina chumvi nyingi. Nilitaka kumkumbatia.

Ikiwa hata hivyo mlango unakushinda, anza na mtu mmoja. Omba kliniki ikuunganishe na mwenzako mmoja mwenye wahaka, mtembee pamoja. Mkitembea bega kwa bega hakuna anayemkazia mwenzake macho.

*Shangazi, nimekuwa kwenye kikundi cha sonona mwaka mmoja na kimenisaidia. Sasa kuna dada mmoja ananiandikia kila usiku, saa saba, saa nane. Nisipojibu huandika kwamba basi hakuna anayemjali. Nimeanza kuogopa simu yangu na usingizi umeharibika tena. Kumwacha naona ni dhambi.*

*Mlinzi wa Usiku*

Si lazima umwache, mwanangu, na wala huwezi kuendelea hivi. Usingizi kwako ni sehemu ya tiba. Ukiharibika wewe, mtakuwa wagonjwa wawili saa nane usiku.

Zungumza naye mchana, uso kwa uso ikiwezekana, usimjibu katikati ya ujumbe wake wa usiku. Mwambie: "Nakujali. Simu yangu naizima saa tatu. Kesho saa saba mchana nitakupigia, nina robo saa yako." Kisha upige kweli saa hiyo, hata kama una shughuli, kwa sababu anachokiogopa ni kuachwa, na saa inayotimizwa kila siku humtuliza kuliko majibu ya usiku yanayotoka kwa mtu aliyechoka.

Kabla ya hapo, mweleze msimamizi wenu. Huko si kumchongea. Maneno "hakuna anayenijali" ya saa nane yanaweza kuwa uchovu, na yanaweza kuwa kwamba anafikiria kufa. Hilo aulizwe moja kwa moja. Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, msimamizi na familia yake wampeleke kwa daktari siku hiyohiyo, na awe na watu watatu au wanne wa kuwapigia, pamoja na namba ya dharura, wewe ukiwa mmoja tu kati yao.

Anza leo mchana, umpigie msimamizi. Na usiku huu simu ilale chumba kingine.