Bosi anataka akili mnemba itunge ushuhuda wa wateja

Pole dada. Nimekuelewa: bosi anataka akili mnemba itunge ushuhuda wa wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, na kuwatengenezea picha. Hilo kataa. Rasimu ya taarifa kwa vyombo vya habari iliyoandikwa na akili mnemba itumie tu, ila takwimu zihakiki moja moja, maana programu hizi hubuni namba zinazoonekana za kweli kabisa. Kwa ushuhuda, nenda mwaloni na kinasa sauti, pata ridhaa ya maandishi, kisha msomee muuzaji nukuu yake kabla haijatoka. Majina na namba zao za simu usiziingize kwenye programu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawabana ninyi mnaokusanya taarifa hizo. Bosi aking'ang'ania, mweleze hatari kwa barua pepe, tunza nakala, umwone mwanasheria.