Re: Chumba kwanza ama aache unga (heroini) kwanza?

Salaam kaka. Nimekusoma, mlimpangia jamaa chumba Kiembeni huko Mombasa, wiki ya tatu akarudi kulala nje Mwembe Tayari, na sasa kamati yenu yasema mtu aache unga kwanza ndo apewe chumba. Msikimbilie huko.

Cheki kwanza mkataba uko jina la nani. Sisi mtu wetu wa kwanza tulimkodia kwa jina la kikundi, landilodi akaleta masharti yake, mgeni hapana, geti saa tatu, mzee akasema hii ni jela tu akaenda zake. Wa pili tulihangaikia kitambulisho kwanza, chumba kikawa jina lake, ufunguo wake. Wiki nzima alilala sakafuni mlango wazi na godoro liko pale. Tulimwacha alale anavyotaka.

Finland tangu 2008 hosteli za wasio na makao ziligeuzwa nyumba na mtu akawa mpangaji kamili, New York walishaanza 1992, huambiwi uache kitu ndo upewe. Lakini chumba bila mtu wa kumtembelea ni kumtupa tu, hapo ndo naona mliteleza. Akitaka methadoni (dawa ya kumsaidia kuacha unga) mwenyewe mpelekeni, msimlazimishe.

Halafu huyo wako si wasema alikuwa akibeba mizigo sokoni Marikiti? Sasa nauli ya matatu kutoka Kiembeni kila alfajiri ataitoa wapi jamani! Mtafutieni Majengo huko, karibu na soko, hata kama kodi yapanda kidogo, na landilodi mwachieni namba, kukiwa na kelele apigie nyinyi sio polisi.