Ukienda Kibirizi na kamera, cheki kwanza mwezi

Wadogo zangu mnaoniuliza inbox kuhusu fildi ya kutumia picha, yaani utafiti wa chuo ambao unapiga picha za maisha ya watu kisha wenyewe wanakuelezea, mi nimeifanya hapahapa Kigoma mjini, Mwanga, Ujiji, ila zaidi mwaloni Kibirizi, boti za uvuvi zinapotia nanga, kwahiyo naongea ya huku.

Barua za chuo, mkoa, kata na mtaa mnazijua, fuateni tu. Mwaloni ongeza viongozi wa BMU (kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi hapo mwaloni), maana mama anayeanika dagaa barua ya mkoa haimhusu.

Sasa mwezi. Dagaa wa ziwa letu, Tanganyika, wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi nyingi za sola, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, boti zinalala ufukweni watu wanashona nyavu. Ukipiga picha zako zote siku hizo utaenda kuandika uvuvi umekufa vijana hawana kazi, kumbe umeingia kipindi cha mapumziko! Gawa siku zako, za giza na za mwezi, piga palepale saa ileile, utaona wenyewe ni miji miwili.

Siku za mwanzo kamera iache geto. Huu mji wa mpakani, Burundi hapo Kongo ng'ambo, watu wamechoka kuulizwa uraia wao, mgeni anayelenga sura za watu anaonekana katumwa na uhamiaji. Kaa, nunua fungu, piga stori. Ukianza anza na nyavu, mikono, chanja za kuanikia dagaa. Bandarini na stesheni usitoe hata simu kabla hujaruhusiwa.

Halafu picha ziprinti, zipeleke kwa wenyewe, tandaza kwenye mkeka uulize "hapa kuna nini?" kisha nyamaza (hapo ndo wasomi tunashindwa). Picha moja mi niliona dagaa tu, mama mmoja akaweka kidole: hawa wa kwenye chanja wangu, wale wa chini mchangani wa jirani, bei si moja, wa chini wanakwaruza meno. Akaendelea mpaka nani anamkopesha nani. Yote hayo kwenye picha hayaonekani, kwahiyo andika maneno yake nyuma ya picha siku hiyohiyo.

Nakala moja muachie. Na ridhaa omba mara mbili, ya kupiga na ya kutumia, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtu aliyekubali picha yake iingie kwenye ripoti hajakubali uiweke status.