Picha safi, bahari chafu: maswali ya wasomaji wa Unguja na Pemba kuhusu setilaiti za hali ya hewa

Siku hizi picha za mawingu zinafunguliwa kwenye simu kabla ya kung'oa nanga, kabla ya kuanika karafuu, hata kabla ya kushuka pwani kwa mwani. Ni jambo zuri, ila picha hizo zina mipaka ambayo haijaandikwa juu yake. Maswali yafuatayo yanaigusa mipaka hiyo moja baada ya mwingine.

Tunaambiwa setilaiti ya hali ya hewa "imesimama". Imesimama juu ya Unguja? (Mvuvi, Nungwi)

Hapana, na haiwezekani isimame hapo. Njia ya setilaiti lazima izunguke kitovu cha dunia. Ukiiweka juu ya Unguja, nyuzi 6 kusini ya ikweta, baada ya nusu mzunguko itakuwa nyuzi 6 kaskazini. Mahali pekee inapoweza kutulia ni juu ya ikweta yenyewe, kwenye kimo cha kilomita 35,786. Hapo mzunguko mmoja huchukua saa 23 na dakika 56, sawasawa na dunia inavyojizungusha, ndiyo maana kwetu huonekana haiendi popote.

Inayotutazama sisi ni Meteosat-9 ya shirika la Ulaya la EUMETSAT, iliyoko longitudo 45.5 mashariki, juu ya bahari karibu na pwani ya Somalia. Mwaka 2022 ilipokea zamu ya Meteosat-8. Kwa mtu aliyesimama Nungwi, iko karibu utosini. Zipo Meteosat nyingine kwenye longitudo 0, juu ya Ghuba ya Guinea, nazo hutuona kwa ubavu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wingu la radi lenye kilele cha kilomita 12, likitazamwa kutoka longitudo 0, huchorwa kwenye ramani yapata kilomita 12 mashariki ya pale lilipo hasa. Ujia wa Unguja na Bara una kilomita 30 na ushei penye wembamba, kwa hiyo wingu lililo katikati ya maji laweza kuonekana linakaribia kufika Mjini. Kutoka 45.5 mashariki kosa hilo hushuka hadi kilomita 2 hivi. Unapochagua picha, chukua ile ya Bahari ya Hindi yenye alama IODC.

Mwezi wa Julai picha ilikuwa safi kabisa. Nilipotoka nikakuta maji yamechafuka. Picha ilikosea wapi? (Nahodha wa mashua, Mkokotoni)

Nahodha, picha ilikuwa sahihi, lakini upepo haumo ndani yake. Kifaa cha Meteosat-9 hupokea mwanga wa jua uliorudishwa na joto linalotoka kwenye kitu cha juu kabisa kinachoonekana: kilele cha wingu, au uso wa bahari pale pasipo na wingu. Hakipimi mawimbi, wala upepo unaopita juu ya maji.

Kusi ndiyo majira ambayo pengo hili hudhihirika zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti, mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko upande wa visiwa vya Mascarene, kule Réunion na Mauritius, hupata nguvu na kusukuma hewa kuja pwani yetu. Juu ya upepo huo hutanda tabaka la hewa kavu yenye uvuguvugu, na tabaka hilo huzuia mawingu yasikue kwenda juu. Matokeo yake ni upepo mkali chini ya anga jeupe. Ukitaka dalili yoyote kwenye picha, acha ile ya kawaida ambayo nukta yake moja ni kilomita 3, ufungue ile ya mwanga yenye nukta ya kilomita 1. Ukiona vijiwingu vidogo vimejipanga kwa mistari mirefu inayofuata upepo, jua kwamba kusi imeshika.

Upepo wenyewe hukadiriwa kwa njia nyingine. Kompyuta hulinganisha picha zinazofuatana na kupima wingu limehama kiasi gani, lakini hiyo ni kasi ya hewa kwenye kimo cha wingu. Setilaiti za Metop, zinazopita kutoka ncha hadi ncha ya dunia, hutumia rada kupima viwimbi vidogo vya uso wa bahari, na kutoka hapo hupata kasi ya upepo. Tatizo ni kwamba karibu na nchi kavu rada hiyo huchanganya ardhi na maji, kwa hiyo vipimo vya takribani kilomita 15 hadi 25 za mwanzo kutoka pwani huachwa. Ondoa kilomita hizo upande wa Bara, ondoa na upande wa Unguja, kisha uone kilichobaki katika ujia wetu. Ni kidogo mno.

Kwa hiyo kwa safari ya baharini anza na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), picha ifuate. Taarifa ikisema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, hiyo ni sababu tosha ya mashua na ngalawa kubaki bandarini, hata anga liwe jeupe namna gani. Na usisahau mkondo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi upepo hupambana nao, na mawimbi huwa mafupi yaliyosimama wima, hasa kati ya Unguja na Pemba, hata kama upepo wenyewe ni wa wastani.

Nina karafuu majamvini. Nisomeje picha kwenye simu nijue kama mvua inakuja? (Mkulima, Micheweni)

Anza na saa. Picha huandikwa kwa saa ya kimataifa, UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Iliyoandikwa 06:00 ni ya saa 3 asubuhi yetu. Wapo wanaoisoma kama saa 12 alfajiri, wakadhani wana picha ya zamani na kuidharau, na wapo wanaofanya kinyume chake. Pia kumbuka kuwa Meteosat-9 huchora dunia kwa mistari kutoka kusini kwenda kaskazini kwa dakika 12 hivi, kila robo saa, kisha picha husafiri na kuchakatwa. Unapoiona ina umri wa dakika 20 au zaidi. Wingu linalokwenda kilomita 40 kwa saa limeshasogea kilomita 13.

Pili, jua unatazama picha gani. Ya mwanga hufanya kazi mchana tu. Ya joto, yaani ya infraredi, hufanya kazi saa zote, na rangi zake ni nyuzi joto za kilele cha wingu. Wingu la mvua ya radi hufika nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Usiku wingu la chini lina joto linalokaribia la bahari, kwa hiyo karibu lisionekane. Ikiwa hujapata picha ya mwanga baada ya jua kuchomoza, usiseme Pemba haina wingu.

Tatu, usitazame picha moja. Cheza nne au tano mfululizo. Kilele kikipoa kwa nyuzi 8 ndani ya dakika 15, wingu hilo linakua kwa nguvu na radi inawezekana ndani ya saa moja, kunja majamvi. Wingu jeupe lenye kingo za kufifia, lisilozidi kupoa, aghalabu ni utando wa juu uliopeperushwa kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali. Ni baridi, lakini halina maji ya kukufikia.

Angalizo moja kuhusu programu za simu: nyingi huonesha picha halisi ya saa iliyopita, kisha bila kukwambia huendelea na mawingu ya kubuniwa na kompyuta. Ukivuta mshale ukapita saa ya sasa, hapo hutazami setilaiti tena.

Shuleni tulipima mvua ya mchoo kwa kipimo chetu na maji yalikuwamo. Ramani ya setilaiti ilionesha sifuri. Tuamini kipi? (Mwalimu, Makunduchi)

Kipimo chenu, Mwalimu, ikiwa kimekaa wazi mbali na miti na kuta. Ramani nyingi za mvua huhesabu muda ambao kilele cha wingu kimekuwa baridi kuliko kiwango fulani, halafu hugeuza muda huo kuwa milimita. Njia ya TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading, yenye kumbukumbu za Afrika tangu 1983, hufanya hivyo. Mvua ya mchoo hutoka kwenye mawingu mafupi ya pwani ambayo kilele chake hakifikii hata baridi ya barafu. Matone hukua kwa kugongana na kuungana, na setilaiti haioni sababu ya kuandika mvua. Makosa ya upande wa pili yapo wakati wa masika: utando mpana wa wingu baridi huhesabiwa kama mvua mahali pakavu. Endeleeni kuandika vipimo vyenu kila siku saa 3 asubuhi. Ndivyo vinavyotumika kusahihisha ramani hizo.

Mwani wa cottonii unakufa kwenye joto. Setilaiti inaweza kunionya? (Mkulima wa mwani, Paje)

Inaweza kukuonya kuhusu bahari kuu, si kuhusu shamba lako, dada. Infraredi husoma ngozi ya maji, unene usiofika milimita moja, na tena pasipo wingu tu. Nukta ya kilomita kadhaa huchanganya maji ya nje ya mwamba na ya ndani. Wakati wa bamvua, maji yakipwa mchana, maji machache yaliyobaki juu ya mchanga wa Paje huwa moto kuliko namba yoyote utakayoiona kwenye ramani.

Tumia ramani kama ishara ya wiki zijazo. Huduma ya Coral Reef Watch ya NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, huchanganya setilaiti zilizosimama na zinazozunguka ncha, kisha hujumlisha, wiki kwa wiki kwa muda wa wiki 12, nyuzi za joto zilizozidi kawaida ya mwezi wenye joto zaidi. Jumla ikifika 4, matumbawe huanza kupauka kwa wingi. Ikifika 8, mengi hufa. Mwaka 1998 upaukaji wa namna hiyo uliiumiza sana miamba ya Bahari ya Hindi magharibi. Ukiona jumla inapanda, hamishia cottonii kwenye maji ya kina yasiyokauka, kwa chelezo kama upo uwezo, na pale panapokauka bakisha spinosum, aina ya mwani inayostahimili zaidi. Kipimajoto cha maji kilichofungwa kwenye kamba, kikasomwa maji yanapokupwa, kitakupa jibu la shamba lako.

Vimbunga vinatufikia kweli? (Msomaji, Wete)

Mara chache, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuusokota upepo. Lakini Aprili 15, 1872 kimbunga kiliangamiza mikarafuu ya Unguja, na Mei 4, 2024 Hidaya ilifika Mafia. Baharini hakuna vituo vya kupimia upepo, hivyo wataalamu wa kituo cha La Réunion, kinachosimamia vimbunga vya upande huu, hukadiria nguvu kwa mbinu ya Vernon Dvorak: umbo la mawingu, pamoja na tofauti ya joto kati ya jicho na mawingu yanayolizunguka. Picha za robo saa ndizo zinazowezesha kazi hiyo. Kwako wewe, fuata rangi za TMA: njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Nimesikia setilaiti hizi pia husaidia kuokoa watu baharini. (Mmiliki wa boti, Mkoani)

Ni kweli. Meteosat za kizazi cha pili, Meteosat-9 ikiwamo, hubeba kipokezi cha ishara za dharura za megahezi 406 chini ya mpango wa kimataifa wa Cospas-Sarsat. Kwa kuwa zinaona eneo lote muda wote, ishara hupokelewa mara moja. Ila zina upungufu mmoja: setilaiti inayozunguka ncha hujua ulipo kwa jinsi masafa ya ishara yanavyobadilika inapokukaribia na kukuacha, na iliyosimama haina mabadiliko hayo. Itajua kwamba fulani anaomba msaada bila kujua yuko wapi. Kwa hiyo nunua kifaa chenye GPS ndani yake. Kisajili kwa jina la chombo na simu ya mtu aliyeko nchi kavu, angalia tarehe ya mwisho ya betri iliyoandikwa ubavuni, na kijaribu kwa kitufe cha majaribio tu. Ukikiwasha chenyewe, waokoaji watatoka kukutafuta.