Uliza Fundi: Bandso inanilia mninga tumbo

SWALI: Mambo vipi fundi. Mi nina bandso (mashine ya msumeno wa mkanda) ya gurudumu la inchi 14 hapa karakana Keko, nachana mninga wa sita kwa mbili nikiusimamisha kwa ubavu ili nipate vibao vyembamba vya milango ya kabati. Dukani niliomba bledi ya meno madogo ili ikate safi, wakanipa ya upana wa robo inchi, meno 14 kwa inchi. Ikiingia kidogo tu inaanza kuyumba, ubao unatoka na tumbo katikati na harufu ya kuungua juu. Nimeikaza mpaka basi. Mbovu ni mashine au bledi?
Seremala wa Keko, Dar

JIBU: Poa ndugu yangu. Mashine iache kwanza, hiyo bledi ndo siyo ya kazi hiyo. Piga hesabu, ubao una kimo cha inchi 6, mara meno 14, maana yake meno 84 yako ndani ya mti kwa wakati mmoja, na unga wa mbao unakaa kwenye kale kabonde kati ya jino na jino mpaka jino litokee chini, sasa kabonde kenyewe kadogo, kanajaa hata nusu ya safari hakajafika, jino halili tena linasugua tu. Moto unatoka hapo. Wewe unasukuma kwa nguvu, bledi nyembamba inatafuta pa kukimbilia, ndo tumbo hilo.

Tafuta ya nusu inchi, meno 3 kwa inchi, yale yaliyoinamia mbele kama kucha za mwewe. Hapo ndani ya mti yanabaki meno 18 tu na unga una pa kukaa. Ndiyo, itaacha michirizi, lakini si una randa? Watu wengi wanataka bandso imalize kazi ya randa na msasa, haiwezi bwana, acha ichane.

Ya robo tatu usishawishike, hata kama gurudumu linaipokea, fremu nyingi za inchi 14 hazina ubavu wa kuikaza inavyotakiwa.

Hiyo yako usiitupe, ni nzuri kwa plaiwudi nyembamba na kona, robo inchi inageuka mpaka duara la nusu kipenyo kama inchi moja hivi bila kulalamika. Ila kukata mguu wa kiti mnene tafuta robo inchi ya meno 6.

Kama unachana mvule pia, angalia, ule una mawe ya chokaa ndani na bledi ya chuma cha kawaida inabutuka mapema sana, hapo ya baimeto (ya metali mbili zilizounganishwa) inalipa japo bei imechangamka.

Urefu usikisie. Weka gurudumu la juu katikati ya nafasi yake ya kupanda na kushuka, pima toka ekseli mpaka ekseli, zidisha kwa 2, halafu ongeza kipenyo cha gurudumu mara 3.14. Inchi 14 nyingi zinakuja kama 93 na nusu, zilizoongezwa kimo 105, lakini pima yako. Na kabla ya kuivalisha chomoa plagi, ukishaivalisha zungusha kwa mkono mizunguko kadhaa uone inatulia kwenye gurudumu, ndo uwashe.